Tupeane uzoefu: michezo ya ubao tuliyojitengenezea nyumbani

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Ndugu zangu, hamjambo? Shule zimefungwa na watoto wa ploti yetu wanataka mchezo wa ubao, lakini ule wa dukani ukikunjwa mara chache huchanika katikati. Waliokwisha kujitengenezea watueleze walitumia nini na walipimaje. Nianze na ludo yangu: nilikata ubavu wa kartoni ngumu, nikachora mraba wa sentimita 45 na kuugawa katika vyumba 15 kwa 15, kila kimoja cha sentimita 3. Ukishafika hapo kazi imekwisha, kwa kuwa kila mkono wa msalaba una upana wa vyumba 3 na urefu wa vyumba 6, kati kunabaki 3 kwa 3, na zile pembe nne za 6 kwa 6 ndizo nyumba za rangi nne.

Mchangiaji, Kondele, Kisumu

Sisi ni watu wa drafti. Kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa seremala kinatosha kabisa, ila usisahau kukipiga msasa. Kizibo cha soda kina upana wa takriban sentimita 3, kwa hiyo chumba kisipungue sentimita 4, la sivyo vizibo vitasukumana na ugomvi utaanza. Mmoja hulaza vizibo vyake 12 kifudifudi, mwenzake 12 chali, na anayeingia kingi hupandishiwa kizibo cha pili juu. (Watazamaji wanaomwonyesha mchezaji pa kusogeza hawana dawa.)

Mchangiaji, Ahero

Mimi na wapwa zangu tulibuni mchezo wetu wenyewe, safari ya matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho, Kapsoit, Awasi na hapa kwetu Ahero. Kuchora barabara kwenye karatasi ya manila kulikuwa rahisi. Kazi hasa ilikuwa urefu wake. Tulianza na vyumba 100, na watoto wakachoka kabla hawajaiona Kericho. Dadu moja hutoa wastani wa 3.5 kwa kila mtupo, hivyo vyumba 100 vinadai mitupo kama 29 kwa mchezaji mmoja, na wakiwa wanne ni zaidi ya 110, bado hujahesabu adhabu. Tulipoikata njia hadi vyumba 50, mchezo ukawa unakwisha kabla ya chakula kuiva.

Hata hivyo, kushindana mbio tu hakukuwa na ladha. Ladha ilikuja tulipoongeza abiria, ambao ni maharagwe: kila kituo unapakia kwa kutupa dadu mara ya pili, na gari lina viti 14. Sheria haikukatazi kupakia zaidi, lakini ukitua kwenye kizuizi cha polisi ukiwa na maharagwe 15 au zaidi, unayarudisha yote kituoni. Vizuizi tuliviweka vitatu, viwili vikiwa baada ya Kericho, mahali ambapo mwenye tamaa tayari amejaza hadi mlangoni. Mpwa wangu mdogo hupakia 20 kila mara na kuomba Mungu kwa sauti.

Mchangiaji, Kakamega

Msiidharau dadu. Niliwachongea watoto ya mti, ikawa inatoa 6 au 1 karibu kila wakati kwa sababu pande hizo mbili zilikuwa pana kuliko nyingine, na kipande cha namna hiyo hupenda kulalia upande mpana. Pima pande zote kwa rula, kisha itupe mara 60. Kila namba ikikaribia mara 10, ina haki. Nukta za pande zinazotazamana zijumlishwe kuwa 7.

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Nashukuru. Ndugu wa Ahero, manila inabandikwaje kwenye kartoni bila kukunjamana? Tena mshindi ni nani, anayefika kwanza au mwenye abiria wengi?

Mchangiaji, Ahero

Tumia gundi nyeupe ya seremala, uipake nyembamba, kisha uweke vitabu vizito juu hadi asubuhi; ile ya unga wa ngano huwaita mende. Kuhusu mshindi, anayefika Kisumu kwanza huongezewa maharagwe 5, halafu wote wanahesabu. Usiwaongeze zaidi ya hapo, maana watoto wataacha kupakia na mtarudi kwenye mbio tupu.