MREJESHO: Kozi ya Kiairishi niliyochagua

Wakuu, niliuliza humu nianze na kozi gani ya Kiairishi, lugha asilia ya Ireland, maana naishi Galway, mji wa magharibi mwa Ireland, na Connemara, eneo ambako lugha hiyo bado inazungumzwa, ipo jirani tu. Asanteni kwa majibu.

Aliyesema nichague lahaja kabla ya kitabu alinena. Zipo kuu tatu, kwa majina ya majimbo yake: Munster, Connacht na Ulster, na lugha sanifu rasmi ya 1958 ni ya maandishi, haikuelekezi matamshi. Nikachukua kitabu cha Learning Irish cha Mícheál Ó Siadhail kwa sababu kinafundisha lahaja ya Cois Fharraige, ya huku huku. Kigumu, jamani! Sarufi imeshindiliwa kila somo. Bila zile sauti zake zilizorekodiwa ningekitupa. Kwa maongezi mepesi nina kozi ya Buntús Cainte, masomo mafupi yasiyochosha. App ya Duolingo imebaki ya kwenye basi.

Neno likinitatiza naingia Teanglann, kamusi ya mtandaoni, nasikia mengi yakitamkwa kwa lahaja zote tatu, bure. Jioni nawasha Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiairishi, hata kama naambulia vipande.

Na yule mdau aliyedai sisi wa lugha zenye ngeli (m-tu, wa-tu) hatutashtushwa na maneno ya Kiairishi yanayobadilika mwanzoni, umepatia.

Sasa natafuta darasa la jioni, nikilenga mtihani wa TEG, wa cheti cha Kiairishi, ngazi ya A1, ya wanaoanza.