Bi mkubwa ana sukari, kliniki haachi, dawa anameza ila haishuki. Shida ni kutoelewa maelezo au?

Binti Makorora
Wadau habari za jioni. Bi mkubwa wangu yuko hapa Tanga, ana kisukari aina ya pili miaka sasa. Kliniki anaenda kila tarehe yake, sukari kwenye chai kaacha mwenyewe, maandazi anapika ya biashara na haonji hata kimoja, lakini akipimwa asubuhi kabla hajala inasoma 13, 14 huko. Kaka yangu anasema mama hasikii, anakula kwa siri. Mimi nina wasiwasi mwingine. Juzi nimetoa vibahasha vyake vya dawa, kimoja kimeandikwa 1x2 kwa kalamu, namuuliza mama hii unamezaje, akanijibu bila wasiwasi kabisa "kimoja kwa siku mbili". Nikanyamaza kwanza.

Halafu shemeji kaleta mashine ya kupima kutoka Dubai, mara ya kwanza ikasoma 198, nyumba nzima tumbo joto, jirani kaanza kusoma dua maana kliniki tumezoea kusikia 11, 13. Sasa naomba kujua, kuna uhusiano wowote uliothibitishwa kati ya mtu kuelewa anayoambiwa hospitali na sukari yake kukaa sawa, au ugonjwa wenyewe tu ndo umekomaa? Mama kamaliza la saba, gazeti anasoma vizuri tu.

Kidonge Cheupe
Pole dada. Hiyo 198 ni mashine imepangwa kwa miligramu, hospitali zetu wanasoma kwa milimoli, gawa kwa 18 unapata 11. Sio nzuri ila dua bado mapema 😂

1x2 ni kimoja mara mbili kwa siku. Sisi wa famasi tumeiandika mpaka tunadhani kila mtu anaijua, unamkabidhi mtu kibahasha huku unaita anayefuata. Kama anameza kimoja kwa siku mbili basi anapata robo ya dozi. Hebu angalia kabatini, lazima kuna vidonge vimebaki vingi.

mgosi_wa_pangani
Jamani msianze kumfanya mama wa watu mjinga. Mjomba wangu injinia, insulini anakueleza mpaka unasinzia, na sukari yake haishuki chini ya 15 kwa sababu wali wa nazi hauachi na soda hauachi. Na stripu za kupimia ni bei, nani atapima kila siku? Kuelewa bila hela ni sawa na bure. Mimi naona hizi habari za elimu ni za kuwatupia lawama wagonjwa.

Mzee wa Takwimu
Mgosi una nusu ya ukweli ngoja nikupe nusu nyingine. Mwaka 2002 daktari mmoja anaitwa Schillinger na wenzake walitoa utafiti kwenye jarida la JAMA, wagonjwa 408 wa kisukari aina ya pili kwenye hospitali ya umma ya San Francisco, Marekani. Waliwapima uwezo wa kusoma na kuelewa vitu vya hospitali, vile vikaratasi vya miadi na maelekezo ya dawa. Wale waliokuwa chini, 36 katika kila 100 walikuwa na madhara kwenye retina ya jicho, wale wenye uelewa wa kutosha 19. Na sukari kwa kile kipimo cha miezi mitatu (HbA1c) ilikuwa mbaya zaidi kwa hao wa chini, hata baada ya kuzingatia umri, shule, bima na mengineyo. Kwahiyo dada uhusiano upo. Ila uhusiano sio lazima uwe chanzo, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwenye kuujua ugonjwa tofauti inaonekana wazi, kwenye namba ya sukari yenyewe wengine wameiona wengine hawajaiona. Hapo ndo mjomba wako anapoingia mgosi.

Kuhusu lawama, haohao 2003 walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, katika mahudhurio 61 ni 12 tu ambapo daktari alimuuliza mgonjwa hata jambo moja jipya kaelewa vipi. Na waliokuwa na madaktari wanaouliza, sukari zao zilikuwa na nafuu. Sasa hapo hasikii nani, mgonjwa au daktari?

Usimuulize mama "umeelewa?" maana wazee wetu watasema ndio ili wasikusumbue. Mwambie mama hebu nielekeze mimi, kesho asubuhi nikupe nini na saa ngapi. Na Ramadhani muulize pia anafanyaje, wengi wanajipangia wenyewe dozi za futari na daku bila kumwambia mtu.

Binti Makorora
Asanteni sana wakuu. Nimekuta kopo la maziwa limejaa vidonge, anasema anaweka akiba. Na Ramadhani hamezi kabisa. Kumbe kliniki walipoona haishuki wakamwongezea dawa ya pili, na hiyo nayo ni kimoja kwa siku mbili. Kaka kaona kopo kanyamaza kimya. Sasa kesho nimuanzishie zote mara mbili kwa siku kama ilivyoandikwa?

Kidonge Cheupe
HAPANA dada subiri. Hiyo ya pili inaitwaje? Kama ni glibenklamaidi inashusha kwelikweli, na hiyo dozi iliongezwa wakiamini ile ya kwanza anameza yote. Ukimrushia zote ghafla anaweza kushuka chini ya 4, kwa mashine yenu hiyo ni chini ya 70, atatoka jasho, atatetemeka, ataongea visivyoeleweka na nyie mtasema presha. Ikitokea na bado anaweza kumeza mpe soda ya kawaida au maji ya sukari vijiko vitatu vya chai, mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu, hospitali moja kwa moja.

Asubuhi nenda naye kliniki bila kungoja tarehe, beba kopo kama lilivyo na vibahasha vyote, daktari avione kwa macho yake apange upya. Na kwenye famasi waombe wachore jua na mwezi kwenye kila kibahasha, wengi wetu tunachora ukiomba.

Binti Makorora
Ndiyo hiyohiyo glibenklamaidi. Haya, asubuhi tunaenda, na kaka ndo atambeba kwa bodaboda.

mgosi_wa_pangani
Bajaji dada, bi mkubwa wa miaka hiyo unampandisha boda?