Kishikio cha nyuzi za mandolini: cha bati au cha kusubu?

Nyuzi Nane ameuliza:
Ndugu wapenzi wa mandolini, naomba ushauri. Chombo changu kina kishikio cha nyuzi (kile cha mwisho wa chombo ambako nyuzi hufungiwa) cha bati, kile chenye vijino vya kunasia vitanzi na kifuniko cha kutelezesha juu yake. Kila nibadilishapo nyuzi, kitanzi huchomoka kijinoni kabla uzi haujakaza, na nikikirudisha, cha jirani nacho hutoka. Kifuniko nacho hutetema na kutoa mlio wa kukera nipigapo nyuzi nene. Je, nikinunua kishikio cha kusubu, yaani cha metali iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, sauti itakuwa nzuri zaidi, au nitalipia urembo tu? Na kwa kuwa nyuzi za mandolini ni adimu madukani hapa, je, za gitaa zaweza kufaa?

Fundi Mbao amejibu:
Usikimbilie kununua. Mandolini za F-5 za kampuni ya Gibson, za enzi ya mbunifu wake Lloyd Loar, zilizoanza kutoka mwaka 1922 na ambazo leo huuzwa kwa bei ya nyumba, zilitoka kiwandani na kishikio cha bati cha aina hiyo hiyo unayoilalamikia.

Kinachokusumbua ni uzi kulegea. Kabla ya kuunasa, bana kitanzi kidogo kwa koleo ili kiwe chembamba na kishike kijino. Kisha, mkono mmoja ukizungusha kigingi, mwingine uvute uzi kuelekea shingoni bila kuuachia hata kidogo, mpaka uanze kutoa sauti. Kifuniko kibandike kitambaa kizito kwa ndani, na mlio utakwisha. Wala usifungue nyuzi zote nane kwa mpigo, kwa sababu daraja la mandolini, kile kipande kinachoinua nyuzi juu ya ubao, halikugundishwa bali limeshikwa na mkazo wa nyuzi peke yake, nalo likihama hata milimita mbili, hakuna sauti itakayokaa sawa kadiri mkono unavyopanda shingo.

Mkono wa Kushoto amejibu:
Kuhusu sauti nakubaliana na Fundi, lakini naona ameidharau adha yenyewe. Mtu aliyekatikiwa na uzi katikati ya shughuli, watu wanamsubiri, hana nafasi ya kubembeleza kitanzi. Vijino vya kusubu ni vinene na vina kina, kwa hiyo kitanzi hutulia, na ncha za waya hazichani mkono wa shati. Mimi nilibadili na sirudi nyuma, ingawa tofauti ya sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo, na sehemu yake naihesabia nyuzi mpya nilizofunga siku hiyo hiyo. Ila kabla ya kulipa, tazama kimo ambacho nyuzi zitatokea juu ya ubao: zikitokea juu mno, pembe yake darajani hupungua, daraja halikandamizwi vya kutosha, na sauti hufifia.

Mtu wa Pwani amejibu:
Nyuzi za gitaa zinafaa ukichagua unene kwa uangalifu. Seti ya kawaida ya mandolini ni inchi 0.011, 0.015, 0.026 na 0.040, kila moja mbili mbili, na gitaani utapata zinazokaribia hapo. Tatizo ni kile kigololi kilicho mwishoni mwa uzi wa gitaa, badala ya kitanzi. Kiponde kwa koleo mpaka kipasuke, utabaki na kitanzi. Lakini funika macho, kwa maana vipande huruka kwa kasi.

Nyuzi Nane ameandika:
Nawashukuru. Nitaanza na koleo na kitambaa. Nikija kununua cha kusubu, matundu ya skrubu yatalingana?

Fundi Mbao amejibu:
Mara nyingi hayalingani, kwa hiyo pima nafasi za matundu ya sasa na uzilinganishe na vipimo vya muuzaji kabla ya kuagiza. Yakikaribiana bila kulingana, ziba ya zamani kwa kijiti cha mti mgumu na gundi ya mbao, uache usiku kucha, kisha utoboe upya. Ukitoboa pembeni mwa tundu lililo wazi, skrubu itateleza humo humo, na hapo ndipo mvuto wote wa nyuzi nane unapoishia.