Kadi ya punguzo imekwisha muda, kijana ametozwa nauli kamili ya treni Uingereza: naomba ushauri

Baba wa Mwaloni (Mwanza)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri kwa niaba ya kijana wetu anayesoma chuo kikuu kaskazini mwa Uingereza, kwa kuwa jambo lenyewe limezua mabishano hapa nyumbani Kirumba na kila mtu ana lake la kusema.

Kule kuna kadi ya punguzo inayoitwa 16-25 Railcard, ambayo mwenye nayo hupunguziwa theluthi moja ya nauli ya treni. Kijana wetu alikata tiketi ya kwenda London kwa simu, akachagua punguzo la kadi hiyo kama ilivyo kawaida yake, mtambo ukapokea fedha bila kumuuliza chochote, naye akapanda. Njiani mkaguzi wa tiketi aliomba kuiona kadi, na alipoifungua kwenye simu ikaonekana kuwa muda wake ulikwisha wiki iliyotangulia. Hakuambiwa aongeze ile theluthi iliyopungua. Aliandikiwa nauli kamili ya safari nzima, tena ile ya juu kabisa inayomruhusu mtu kupanda treni ya saa yoyote, na jumla yake inazidi pauni 100. Kwa kuwa hakuwa na kiasi hicho kwenye akaunti, alichukuliwa jina na anwani, akapewa karatasi inayomtaka alipe ndani ya siku 21.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: theluthi mbili za nauli alikwishalipa, sasa kwa nini atozwe upya kana kwamba amedandia treni? Na kwa nini mtambo umuuzie mtu tiketi ya punguzo wakati kadi yake imekufa? Mama yake anataka nitume fedha leo hii ili mambo yaishe, shemeji yangu anasema asilipe hata senti. Mwenye kuyafahamu mambo haya anielekeze.

Mkazi wa Pasiansi

Pole sana mkuu. Mimi namuunga mkono shemeji. Kampuni ya treni haiwezi kuhangaika kumtafuta mwanafunzi mmoja kwa ajili ya safari moja, na akimaliza masomo atakuwa amerudi zake Mwanza.

Bandari ya Kemondo (Bukoba)

Ndugu wa Pasiansi, kwa heshima zote, ushauri huo ndio unaowafikisha watoto wa watu mahakamani. Nimesoma huko na nimeona barua za namna hiyo zikipuuzwa hadi zikageuka hati ya kuitwa mbele ya hakimu.

Mzee wa Mwaloni, kabla ya kutuma fedha, mwambie kijana akupigie picha karatasi yenyewe na msome kichwa chake, kwa sababu karatasi hizo hazifanani. Ya kwanza ni notisi ya nauli isiyolipwa, ambayo inadai nauli kamili peke yake. Ya pili ni faini ya nauli, ambayo kwa England tangu Januari 2023 ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari, na hupungua kuwa pauni 50 pamoja na nauli ikiwa mtu atalipa ndani ya siku 21. Hiyo ya pili ina utaratibu wa rufaa uliowekwa na kanuni za mwaka 2018, wenye ngazi tatu, ya mwisho ikiwa jopo huru, na siku za kulipa husimama pale rufaa inapowasilishwa. Ya tatu ndiyo ya kuogopwa zaidi: mkaguzi hadai fedha yoyote, anaandika maelezo ya abiria na kupeleka taarifa kwa idara ya mashtaka ya kampuni.

Kuhusu mtambo kumuuzia: mifumo mingi ya kuuza tiketi haikagui tarehe ya kadi. Unapochagua punguzo, wewe ndiye unayetamka kuwa unayo kadi hai, na uhakiki unafanyika ndani ya treni. Naona ni utaratibu mbovu, maana mtu huyohuyo ana kadi kwenye simu na tiketi kwenye simu, na hakuna kinachozuia vitu hivyo viwili kuzungumza. Hata hivyo, masharti ya usafiri wa reli yanasema wazi kwamba mwenye tiketi ya punguzo asiyeweza kuonyesha kadi halali huhesabiwa kuwa amepanda bila tiketi halali. Ndiyo maana hawakumdai theluthi. Machoni pao tiketi nzima haikuwepo.

Baba wa Mwaloni (Mwanza)

Nashukuru sana. Picha nimeipata kwa WhatsApp. Kichwa chake ni hiyo ya kwanza, nauli isiyolipwa, na hakuna faini iliyoongezwa. Tiketi yake ya awali ilikuwa ya bei nafuu iliyofungwa na treni moja tu. Je, anaweza walau kurudishiwa fedha za tiketi hiyo, kwa kuwa wamesema haikuwa halali?

Mvuvi Mstaafu (Ukerewe)

Hapo sidhani, mzee mwenzangu. Leseni ya uvuvi hukatwa upya kila mwaka, na ukikutwa ziwani na ya mwaka jana, ofisa uvuvi hakuulizi ilipita kwa siku ngapi wala harudishi ulicholipia mwaka ule. Inauma, lakini ndivyo karatasi zenye tarehe zilivyo.

Wakili wa Makongoro (Mwanza)

Mvuvi amejibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Tiketi ya aina hiyo kwa kawaida haina marejesho ya fedha, na hii imekwishatumika. Niongeze upande wa sheria, ingawa nasema haya kama msomaji wa sheria za wenzetu na si mtu mwenye leseni ya uwakili huko.

Kampuni za treni za England huwashtaki abiria kwa njia mbili. Ipo Sheria ya Reli ya mwaka 1889, ambayo inahitaji ithibitike kwamba abiria alikuwa na nia ya kukwepa nauli, na zipo kanuni ndogo za reli za mwaka 2005, ambapo kanuni ya 18 haijali nia kabisa: kusafiri bila tiketi halali kunatosha, na faini yake hufika hadi pauni 1,000. Kwa kijana huyu nia ya kukwepa ni vigumu kuithibitisha, lakini hiyo njia ya pili ipo wazi iwapo atakaa kimya. Pengine mtakuwa mmesikia kwamba Agosti 2024 mahakama ya London ilibatilisha mashtaka zaidi ya 74,000 ya abiria wa treni. Msijidanganye kwa habari hiyo. Yalibatilishwa kwa sababu kampuni zilitumia utaratibu wa mkato wa hakimu mmoja ambao haukuruhusiwa kwa mashtaka ya sheria ile ya 1889, si kwa sababu kusafiri bila tiketi halali kumekuwa ruksa.

Aandike barua kwa njia iliyoonyeshwa kwenye notisi, kabla ya siku 21 kwisha, na abaki na nakala. Aeleze tarehe ambayo kadi ilikwisha, aambatanishe uthibitisho wa kuwa alikuwa nayo, risiti ya tiketi aliyonunua, na uthibitisho wa kadi mpya ambayo anapaswa kuinunua leo. Kisha aombe, kwa hisani yao, wapokee tofauti ya nauli badala ya nauli nzima, na wasimamishe hesabu ya siku wakati wanamjibu, kwa kuwa notisi yake haina kinga ile ya rufaa za faini. Kadi mpya haitaihalalisha safari iliyopita, ila inaonyesha kwamba huyu ni mtu anayelipia kadi na si mtu wa kuotea. Wakikataa, alipe ndani ya muda.

Jambo moja asilifanye kamwe: asiseme kuwa alisahau kadi nyumbani. Upo msamaha kwa mtu aliyesahau kadi iliyo hai, ambaye anaweza kudai arudishiwe fedha, lakini tarehe za kadi wanazo wao, na uongo huo ndio utakaowapa ile nia wanayoitafuta.

Mama wa Igoma

Naomba kuuliza kwa niaba ya kina mama wenzangu. Jambo hili litaharibu viza ya mtoto?

Wakili wa Makongoro (Mwanza)

Mama, kulipa notisi hii si kutiwa hatiani, na hakumpi rekodi ya jinai. Kwenye maombi ya viza hutakiwa kutajwa mambo kama hukumu na mashtaka yanayosubiri kusikilizwa, kwa hiyo usalama wake uko katika kulimaliza jambo hili kabla halijafika mahakamani. Umoja wa wanafunzi wa chuo chake huenda una ofisi ya ushauri wa bure, na wale wameona kesi za namna hii nyingi kuliko sisi.

Bandari ya Kemondo (Bukoba)

Naongeza kwamba kuomba hisani si kujidhalilisha. Mwaka 2024 mhitimu mmoja aliyekuwa na kadi hai ya aina hiyohiyo alitishiwa kushtakiwa kwa tofauti ya pauni 1.90, kwa sababu punguzo halikukubalika kwa nauli ndogo asubuhi kabla ya saa nne kwa saa zetu za kuhesabu. Habari ilipotoka magazetini, kampuni iliachana naye, na serikali ikaagiza msimamizi wa reli achunguze jinsi abiria wanavyotendewa. Ripoti ilitoka Juni 2025, ikapendekeza usawa zaidi katika kushughulikia makosa ya tiketi na katika kufungua mashtaka. Kampuni sasa zinatazamwa, na barua yenye adabu inasomwa.

Baba wa Mwaloni (Mwanza)

Rasimu ya barua ninayo. Ameandika kwamba "kadi ilikwisha muda bila kosa langu, kwa kuwa mfumo wenu uliniuzia tiketi." Iko sawa?

Wakili wa Makongoro (Mwanza)

Aiondoe sentensi hiyo yote. Aseme: "Sikutambua kuwa muda wa kadi ulikuwa umekwisha, niliinunua upya siku hiyohiyo nilipofahamishwa." Lakini aiandike tu ikiwa kweli ameinunua siku hiyohiyo, kama bado, aweke tarehe halisi. Suala la mfumo alipeleke kama malalamiko ya pekee, baadaye.

Bandari ya Kemondo (Bukoba)

Ana umri gani? Ya mwaka mmoja ni pauni 35 tangu Machi 2025, na ya miaka mitatu ni pauni 80, ila hiyo huuzwa kwa aliye chini ya miaka 24.

Baba wa Mwaloni (Mwanza)

Ana miaka 22, kwa hiyo amechukua ya miaka mitatu leo mchana, na tarehe ya leo ndiyo aliyoiweka kwenye barua. Ameituma jioni hii. Fedha za nauli nimeziweka kando, na mama yake amekubali zisitumwe mpaka wajibu au siku zikaribie kwisha.