Nimeanguka mtihani wa FNP, nirudie AANP ama nihamie ANCC?

MamaShifti_TX

Habari zenu wadau, naomba ushauri na tafadhali msinicheke. Wiki tatu zilizopita nilikaa mtihani wa FNP (muuguzi wa familia anayetibu na kuandika dawa mwenyewe) wa AANP na nimeanguka. Kwa wasiojua, AANP na ANCC ni mashirika mawili ya Marekani, kila moja lina mtihani wake wa cheti hicho. Pale pale kwenye skrini inakuandikia tu hukupita, halafu yule dada wa mlangoni ananirudishia funguo zangu za gari ananiambia siku njema, nikaenda nikakaa kwenye gari karibu nusu saa sijawasha hata AC na Texas mnaijua. Barua ya alama ikaja baadaye, 474. Ya kupita ni 500.

Kidogo kunihusu, nilisoma uuguzi KMTC nyumbani Kenya, NCLEX (mtihani wa leseni ya uuguzi huku) niliifanya mara moja nikapita, sasa niko ICU, wodi ya mahututi, mwaka wa tisa, usiku. Digrii ya pili nimeisoma mtandaoni miaka mitatu, chuo kikatuambia kila mtu ajitafutie daktari ama FNP wa kumsimamia kliniki, nikazunguka ofisi za watu nikibisha hodi kama muuza mitumba mpaka masaa yakatimia. Kwa hivyo kazi siogopi. Nilisoma wiki kumi, nikamaliza maswali zaidi ya elfu mbili kwenye apu, nilikuwa napata sabini na kitu asilimia. Ripoti inasema kutathmini na kutambua ugonjwa niko sawa, shida yangu ni kupanga matibabu.

Sasa kuna dada mmoja wa kanisani ananiambia hamia ANCC ni rahisi, mwingine anasema ANCC ni nadharia tupu utalia. Kuna kliniki imeniahidi kazi na wananisubiri mpaka Septemba. Mzee wa nyumba ameanza kuuliza kama pesa ya mtihani hurudishwa, sijamjibu. Na mama yangu kule kijijini ameshatangaza kwa kila mtu kwamba mimi ni daktari. Nifanyeje?

---

BongoRN_Boston

Pole sana dada angu. Mimi nilipita ANCC mwaka jana, mke wangu ana ya AANP, kwa hiyo nyumbani tunabishana kila siku ipi ngumu. Ngoja nikupe nilivyoiona.

AANP ni maswali 150, yanayohesabiwa 135, masaa matatu. ANCC ni 175, yanayohesabiwa 150, masaa matatu na nusu. Piga hesabu, zote mbili ni sekunde 72 kwa swali, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kule kuna muda zaidi. Tofauti ni kilichomo. AANP karibu yote ni mgonjwa mbele yako, ana hiki na hiki, unafanya nini. ANCC mgonjwa yupo lakini katikati wanakuchomekea utafiti, maadili, sera za afya, ubora wa huduma, nadharia za mabadiliko, mambo ambayo ulisoma muhula wa kwanza ukayasahau ulipofunga laptopu. Halafu sio kuchagua jibu moja tu, kuna ya kuchagua majibu kadhaa, ya kuburuta na kupanga, ya kubonyeza kwenye picha. Kupita ni 350 kati ya 500.

Kazini hakuna anayejali, FNP-C (cheti cha AANP) na FNP-BC (cha ANCC) majimbo yote wanakubali, Medicare, bima ya serikali ya wazee, wanakubali, na zote unahuisha kila miaka 5. Sasa wewe umeanguka kwenye kupanga matibabu. Ukihamia kwetu matibabu yapo vile vile, na juu yake unaongezewa nadharia. Sioni unakimbia nini.

---

kupe_na_ngombe

Usihame. Nimehama mimi nikaanguka kote kuwili 😂 nikarudi AANP ndo nikapita

---

Shangazi_Minnesota

Mwanangu pole. Kabla hatujafika kwa AANP na ANCC, hebu niandikie hapa swali moja ulilokosa ambalo bado linakuuma. Na liwe la apu ya mazoezi, la mtihani wenyewe usiliandike mahali popote, ulisaini pale kwamba hutayatoa na wakikukamata cheti chenyewe hutakiona.

---

MamaShifti_TX

Asante Shangazi, hata nilikuwa nimesahau hilo la kusaini. Sawa, hili ni la apu, nililikosa mara mbili. Mama wa miaka 72, kichwa kinamuuma upande mmoja kwa wiki mbili, akitafuna chakula taya linachoka, akichana nywele ngozi ya kichwa inauma, ESR (kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini) iko juu sana. Unafanya nini kwanza. Ugonjwa niliujua hata kabla sijamaliza kusoma, mshipa wa kwenye panja umevimba. Nikachagua apelekwe kwa mtaalamu akatolewe kipande cha mshipa kikapimwe. Nikakosa. Na mara ya pili nikachagua hivyo hivyo kwa sababu naona ndiyo salama!

---

Shangazi_Minnesota

Haya basi, ugonjwa wako nimeuona na sio wa kusoma kidogo.

Jibu ni unamuanzishia prednisoni ya dozi kubwa saa hiyo hiyo, miligramu 40 mpaka 60, kipande kitapimwa hata siku zinazofuata lakini jicho likishapofuka halirudi. Wewe ulijua ugonjwa, ulijua hatari, halafu ukatafuta mtu mwingine wa kuamua. Miaka 9 ICU usiku, mgonjwa akibadilika unafanya nini? Unapima, unaona, unampigia daktari simu, unasema nimeona hiki naomba oda. Na kwenye NCLEX hiyo ndiyo ilikupitisha, usalama kwanza, mjulishe daktari. Sasa daktari ni wewe mwanangu. Hakuna wa kupigiwa. Mimi niliingia kwenye ule mtihani baada ya miaka 16 wodini na nilianguka vile vile, nikiangalia maswali niliyokosa nakuta nusu nzima nimechagua kupeleka kwa mtaalamu, kupeleka emajensi, kuongeza vipimo. Kumbe naogopa kuandika dawa!

Dawa yake ni hii na ilinisaidia: ukifanya maswali, funika majibu kwa karatasi. Kweli, bahasha ya bili kwenye skrini. Soma kisa, kisha kwa mdomo wako useme kama unaongea na mgonjwa, "mama nakuandikia dawa fulani, kiasi fulani, siku fulani, ukiona hivi rudi." Ndipo ufunue. Ukiona huwezi kusema dozi, hapo ndipo hujasoma, hata kama ukifunua utalitambua jibu. Apu inakupa 70 kwa sababu majibu yanakukonyeza. Mtoto mwenye maambukizi ya sikio, amoksisilini, ngapi kwa kilo? Miligramu 80 mpaka 90 kwa siku. Mtu mzima mwenye afya, hana ugonjwa mwingine, amepata nimonia, anatibiwa nyumbani, dawa gani? Amoksisilini gramu moja mara tatu kwa siku, ama doksisaiklini. Uyaseme ukiosha vyombo mpaka watoto wakuonee aibu.

Kupeleka kwa mtaalamu ama emajensi kuna mahali pake, sijasema ufute. Lakini uwe umeamua, sio umekimbia.

---

kupe_na_ngombe

Shangazi amemaliza. Mimi naongeza la kwangu ndo maana nimejiita hivi. Sisi wa kutoka nyumbani kuna vitu tunavijua kuliko wenzetu wa huku na kuna vitu hatujawahi kuona. Surua mimi nimeiona na macho yangu, yale madoa meupe ndani ya shavu sihitaji picha. Watoto ambao koo halikutibiwa mpaka ikaingia kwenye moyo, vali ya mitrali imebana, nimewasikiliza wodi nzima. Mzungu mwenzangu darasani alikuwa anakariri, mimi nakumbuka mtoto na kitanda chake.

Lakini kupe! Kwetu kupe ni mambo ya ng'ombe, ndigana, unapeleka kwenye dipu basi. Huku mtoto wa miaka 6 amerudi kambini North Carolina ana homa, kichwa, vipele vimeanzia kwenye vifundo vya mikono na miguu, jibu doksisaiklini. Nikasema haiwezekani, tulifundishwa mtoto chini ya miaka 8 usimpe utaharibu meno. Kumbe kwa hiyo homa ya madoa ya kupe wanampa umri wowote, ukichelewa anakufa. Na ule wa Lyme, ugonjwa mwingine wa kupe, duara jekundu linapanuka na katikati kumepauka, ukiliona unatibu, husubiri damu. Nilikosa yote ya kupe mara ya kwanza. Orodhesha vitu ambavyo hujawahi kuona na macho yako, hivyo ndo usome kwanza, presha na kisukari unavijua tayari.

---

BongoRN_Boston

Haha hiyo ya kupe kweli kabisa. Na sauti za moyo mimi nilitengeneza kwa Kiswahili ndo zikakaa: vali ya mitrali ikivuja sauti inakimbilia kwapani, vali ya aota ikibanwa inapanda shingoni. Nilikuwa naimba kwenye treni.

Halafu umri wa vipimo vya kutafuta saratani na magonjwa mengine mapema nilibandika kwenye friji, mlango wa kizazi kuanzia 21, matiti 40, utumbo mpana 45, mapafu 50 mpaka 80 kama amevuta pakiti moja kwa siku miaka 20 na bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15, mifupa wanawake 65, na mwanaume wa 65 mpaka 75 aliyewahi kuvuta anapigwa ultrasaundi ya aota mara moja. Maswali ya bure hayo, usiyaache.

---

MamaShifti_TX

Jameni nimesoma jibu la Shangazi mara tatu nikiwa nimekaa kwa jikoni na sare ya kazi. Ni kweli. Jana usiku nimejaribu na bahasha wakati wa mapumziko, maswali 20, nikajua ugonjwa 17, dawa na dozi nikaweza kusema 8 tu. 8! Na nimeandika oda za simu za hizo dawa miaka yote hiyo lakini mtu mwingine ndiye alikuwa anasema namba.

Basi sihami. Swali la mwisho, nikirudia AANP nangoja muda gani? Mtu aliniambia siku 60.

---

BongoRN_Boston

Siku 60 ni ANCC hizo, na kule ni mara tatu ndani ya miezi 12. AANP wanataka ufanye masaa 15 ya mafunzo ya kuendelea kwenye sehemu uliyoanguka, yawe ya baada ya tarehe ya mtihani, ya zamani hawapokei. Na ni mara mbili tu kwa mwaka wa kalenda kwa hiyo hii ya pili usiiendee kwa hasira. Chukua yote 15 ya dawa na matibabu, usichukue ya maadili kisa ni ya bei nafuu.

---

Shangazi_Minnesota

Na uombe wakupunguzie usiku wiki mbili za mwisho. Mtihani ukiwa asubuhi, kichwa chako saa hiyo huwa kinalala. Huyo mzee muambie pesa hairudishwi, muambie leo, usiende nayo kwenye mtihani.

---

MamaShifti_TX

😂😂 Nimemwambia sasa hivi. Amenyamaza, akaenda akatoa takataka nje bila kuambiwa. Kesho naanza na kupe.