Hivi hawa waandishi wa Kijerumani kujiabudu ndo kuliwafanya waandike vizuri?

msomaji_mchovu: Wakuu habari za jioni. Nasoma maisha ya waandishi wa Kijerumani na kila ninayemfungua nakuta mtu anajiona yeye ndo dunia. Thomas Mann shajara zake zimejaa usingizi wake, tumbo lake, mishipa yake, halafu akaagiza zifunguliwe miaka 20 baada ya kufa, yani alijua kabisa tutazisubiri. Mwanae Klaus kajiua 1949 mzee yuko ziarani Sweden, hakwenda kuzika. Na Nobel ya 1929 anayo. Sasa kujiabudu ndo kunazaa kazi au sisi tunawasamehe tu?

Mzee wa Vitabu: Mkuu mtazame Goethe, mwandishi wao mkubwa wa zamani. 1772 yuko mji wa Wetzlar, kampenda Charlotte Buff, mchumba wa rafiki yake Kestner, mambo yakamshinda akaondoka. Wiki chache mbele kijana mwingine wa hapohapo, aitwaye Jerusalem, akajipiga risasi kwa bastola aliyoazima kwa Kestner huyohuyo! Kestner wa watu akamwandikia Goethe tukio lote, 1774 riwaya ya Goethe, Werther, ikatoka, Kestner anajikuta humo ndani kageuzwa mume mkavu asiye na raha, alikasirika na haki yake. Ila ile sehemu Lotte, yule Charlotte wa kitabuni, anawakatia wadogo zake mkate, mtu asiyeona wenzake hawezi kuiandika. Kujipenda kulimpa jeuri ya kuyabeba maisha ya watu na kuyatia kitabuni, ila kuandika ni jicho.

Binti Salha: Jicho sawa, na hesabu je? Chukua Brecht, mwandishi wa tamthilia. Elisabeth Hauptmann, aliyefanya naye kazi, ndo alitafsiri opera ya Kiingereza ikazaa Dreigroschenoper, tamthilia ya muziki ya 1928. Mgao wa mapato: Brecht 62.5%, Weill mwenye muziki 25%, dada wa watu 12.5%. Mwaka uliofuata mhakiki Kerr akamkamata Brecht kabeba mistari ya mshairi Mfaransa Villon kwenye tafsiri ya Kijerumani ya Ammer bila kumtaja Ammer, akajibu eti kwenye mali ya akili yeye ni mlegevu kimsingi 😂 Mwizi na falsafa yake.

Mzee wa Vitabu: Hahaha hapo kwa Brecht sina utetezi. Ila Mann, 1939 katoa riwaya kuhusu Charlotte huyohuyo, sasa bibi wa miaka 63, anafika Weimar, mji anaoishi Goethe, 1816, na wengi wanaoingia chumbani kwake wanaonyesha jinsi Goethe alivyowamaliza, mpaka August, mtoto wa Goethe, yumo. Halafu sura ya 7 tunaingizwa kichwani kwa Goethe mwenyewe. Pale Mann anajianika mwenyewe kupitia Goethe, mtu aliyelewa sifa zake hawezi kujianika hivyo.

msomaji_mchovu: Duh, kumbe alijijua.

Binti Salha: Kaka yangu kajijua akaendelea vilevile, tena kaipatia soko. Mimi siwezi kuita hiyo nafuu kwa watoto wake. Kitabu nitakisoma lakini.