Mabaki ya vitambaa yamejaa mfuko: nianze kushona nini?

Uzi_Mweupe anauliza:

Habari zenu mafundi. Nina mfuko mzima wa mabaki ya vitambaa: pamba nyepesi, jinzi za zamani, satini kidogo na vipande vya fulana. Vingi havizidi sentimita 30 kwa upana, vingine ni kanda nyembamba tu. Cherehani ninayo, inashona mstari ulionyooka peke yake, haina zigizaga. Kutia uzi na kushona mstari naweza. Zipu na kola bado. Naomba kazi nyepesi za kuanzia zenye vipimo kamili, maana kila ninaposoma naambiwa "kata kipande cha kutosha", na hakuna anayesema kutosha ni kiasi gani. Halafu, vitambaa hivi naweza kuvichanganya?

PindoMbili:

Karibu. Chambua mfuko kwanza kabla hujashika mkasi. Fulana na satini weka kando. Fulana inavutika, na ukiishona na pamba isiyovutika mshono unatoka na mawimbi; satini inateleza na kutoa nyuzi kila ukiigusa. Pamba na jinzi ndizo zako kwa sasa. Zifue kwanza, kwa maji ya joto lile lile utakalotumia kufulia kazi ikiisha, kwa sababu pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Ukiunganisha kipande kilichokwisha kunywea na ambacho bado, kazi nzima itajikunja siku ya kufua. Vile vidogo vitie ndani ya foronya uifunge mdomo, la sivyo vitatoka vimesokotana nyuzi. Kisha piga pasi vyote.

Kama hujui kipande ni pamba au poliesta, chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio cha chuma juu ya bakuli la maji, uziwashe. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko utatoa vyote viwili.

Kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni foronya ya mto mdogo, ya kuingiliana nyuma, isiyo na zipu wala kifungo. Kwa mto wa sm 40 kwa 40, kata mbele kipande kimoja cha sm 42 kwa 42, na nyuma vipande viwili vya sm 42 kwa 29. Akiba ya mshono (nafasi kati ya mshono na ukingo) ni sm 1 pande zote. Kwenye kila kipande cha nyuma chukua upande mmoja wa sm 42, ukunje sm 1, piga pasi, kunja tena sm 2, piga pasi, shona karibu na ukingo wa ndani. Sasa tandaza kipande cha mbele uso wake (upande mzuri) ukikutazama. Weka juu yake vile viwili vya nyuma, uso kwa uso, pindo zikiwa katikati na kingo ghafi zikilingana na za mbele. Vitapandana sm 10. Shona mzunguko wote bila kuacha mlango, maana mlango ni pale vinapopandana.

Pale pindo zinapokatiza mshono wa pembeni, shona mbele, rudi nyuma, kisha endelea. Hapo ndipo mto unapovuta ukiingizwa, na ndipo foronya za namna hii huanza kufumuka. Kwa vile huna zigizaga, shona mstari wa pili mm 3 nje ya ule wa kwanza, kisha punguza nyuzi zinazoning'inia. Pembe zikate mshazari, ukiacha mm 3 hivi kabla ya mshono, ndipo ugeuze. Kusukuma pembe tumia kijiti butu. Ncha ya mkasi itatoboa.

Ukipenda mto ujae vizuri bila kulegea, punguza: mbele sm 40 kwa 40, nyuma sm 40 kwa 28. Mpandano unabaki ule ule.

Sindano80:

Naongezea mfuko wa kamba, wa kuwekea viatu, chaja au nguo za ndani ukisafiri. Unakula mabaki vizuri na una mishono iliyonyooka mitupu.

Vipande viwili vya sm 25 kwa 33. Viweke uso kwa uso. Kila upande wa sm 33, pima sm 6 kutoka juu, weka alama ya chaki, uanze kushona hapo kwenda chini, uvuke kitako, kisha upandishe upande wa pili hadi alama yake. Funga mshono sawasawa pale kwenye alama, kwa kurudi nyuma stichi tatu nne. Sm 6 zilizobaki juu ziache wazi pande zote mbili. Fungua mishono ya pembeni kwa pasi, hadi juu kabisa, ili kingo za ule mpasuo zilale zikiwa zimekunjwa sm 1, kisha zishonee chini. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa kamba inakwamia kwenye nyuzi.

Mdomo kunja sm 1, halafu sm 2.5, piga pasi, shona. Hiyo ndiyo njia ya kamba, na mwisho wake unaangukia pale pale kwenye alama ya sm 6. Kata kamba mbili za sm 70. Ya kwanza ingiza upande wa kushoto, izunguke mfuko mzima itokee kushoto. Ya pili ianzie kulia, itokee kulia. Funga fundo kila upande. Ukivuta huku na huku mdomo unajifunga. Kuipitisha kamba tumia pini ya kufungia nepi. Ukitumia sindano kubwa itakuchoma vidole.

Zile kanda nyembamba zifanye vibana nywele. Ukanda wa sm 10 kwa 50 na lastiki ya sm 18 yenye upana wa mm 6 hadi 8. Kunja ukanda kwa urefu uso kwa uso, shona sm 1 kutoka ukingoni, geuza, pitisha lastiki, pandanisha ncha zake sm 1.5 na uzishone mara kadhaa. Fundo nalo linashika, ila linahisika kichwani. Kuifunga kazi, kunja ncha moja ya kitambaa sm 1 kwa ndani, chomeka ncha nyingine ndani yake, shona kukatiza. Kitambaa kisipungue mara mbili na nusu ya lastiki, la sivyo hakipati mikunjo na kinabaki kama bomba.

Kiraka_Mraba:

Yote sawa, ila nashangaa hakuna aliyetaja viraka, na mabaki yenyewe ni vipande vidogo! Mbele ya hiyo foronya ya PindoMbili si lazima iwe kipande kimoja. Kata miraba 25 ya sm 10 kwa 10, uiunge mitano kwa mitano. Kila muungano unakula sm 2 (sm 1 kila upande), miungano ni minne kwa kila safu, kwa hiyo sm 50 zinabaki 42. Kipimo kile kile.

Ugumu wa viraka uko kwenye kushona mshono wa upana uleule kila mara. Ukishona sm 1.2 badala ya 1, kila muungano unapoteza mm 4, na mwisho wa safu umepungukiwa sm 1.6. Safu moja ikipungua na nyingine isipungue, miraba haikutani tena. Kwa hiyo bandika utepe wa karatasi kwenye bamba la cherehani, sm 1 kulia kwa sindano, na ukingo wa kitambaa uteleze ukiufuata. Macho yawe kwenye utepe, sindano haihitaji kutazamwa.

Kata kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi. Mraba uliokatwa mshazari unavutika, na utaona safu inapinda kama upinde. Ukitaka kujua nyuzi zinakwenda wapi, vuta kipande kwa mikono miwili: upande usiovutika ndio nyuzi zenyewe, unaovutika sana ni mshazari.

Unga miraba safu kwa safu. Safu ya kwanza lalisha mishono yote kulia kwa pasi, ya pili yote kushoto, ya tatu kulia. Ukiweka safu mbili uso kwa uso, mishono inaegemeana na kukaa penyewe, pini moja inatosha kila makutano. Na pasi inyanyuliwe na kushushwa, isiburutwe. Ukiiburuta unavuta kitambaa.

Jinzi na pamba nyepesi usichanganye kwenye viraka hivi. Jinzi inaburuta mwenzake na makutano yanakuwa donge. Jinzi peke yake, pamba peke yake.

PindoMbili:

Kiraka_Mraba, kwa anayeanza miraba 25 ni mingi. Akichoka mraba wa kumi na mbili atatupa mfuko wote. Afadhali afanye miraba minne ya sm 22 kwa 22: 44 ukitoa 2 ni 42. Makutano ni moja tu, katikati, na ndilo litakalomfundisha.

Kiraka_Mraba:

Hapo sibishi, minne ni mwanzo mzuri. Ila hiyo miraba ya sm 22 aikate kwenye mabaki yake makubwa, vidogo visubiri.

Uzi_Mweupe:

Asanteni sana, nimeanza na mfuko wa kamba. Shida: juu mshono unaonekana mzuri, chini ya kitambaa uzi umejazana kama kiota, na mara nyingine cherehani inakwama kabisa. Nimefungua bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) na kuitia tena, bado. Nimekaza skrubu ya kasha la bobini, bado.

Fundi_Mashine:

Rudisha hiyo skrubu ilipokuwa. Uzi ukijazana chini, mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu haujaingia kati ya visahani vya kukazia, kwa hiyo hakuna kinachouzuia, na bobini inauvuta kadiri itakavyo. Hutokea unapotia uzi huku mguu wa cherehani (ule unaobana kitambaa) umeshushwa, maana mguu ukiwa chini visahani vimebana na uzi unakaa juu yake tu. Chomoa uzi wote, nyanyua mguu, tia upya tangu mwanzo. Kisha shusha mguu na uvute uzi kwa mkono: sasa uwe mzito. Ukiteleza kirahisi, haujaingia.

La pili, ukianza kushona shika nyuzi zote mbili, ya juu na ya chini, nyuma ya mguu kwa stichi tatu za mwanzo. Ukiziacha, mashine inazimeza. Wengine huanzia kwenye kipande cha ziada kilichokunjwa mara mbili, kisha wanaingia kwenye kazi bila kukata uzi. Kinafaa hasa kwa vitambaa vyepesi, ambavyo meno ya cherehani, yale yaliyo chini ya mguu, hupenda kuvivuta chini kwenye tundu.

Sindano nayo itazame. Pamba nyepesi namba 70 au 80, jinzi 90 au 100. Sindano nyembamba kwenye jinzi inapinda na kuruka stichi. Nene kwenye pamba nyepesi inaacha matundu na mikunjo. Ukisikia mlio wa "tak tak" kila inapozama, imekuwa butu, ibadilishe. Usivute kitambaa kwa nyuma ili kiende haraka: sindano inapinda, inagonga bamba, inavunjika. Meno ndiyo yanayosafirisha, mkono wako unaelekeza tu. Urefu wa stichi weka 2.5 kwa pamba, 3 kwa jinzi.

Sindano80:

Na kabla ya kugusa kazi yenyewe, jaribu kila badiliko kwenye chakavu cha kitambaa kile kile, tabaka zile zile. Kujaribu kwenye tabaka moja hakukuambii kitu kuhusu tabaka nne.

Uzi_Mweupe:

Ilikuwa mguu! Nilikuwa natia uzi ukiwa chini kila mara. Sasa umetulia. Jinzi je, nifanyie nini? Nilifikiria vishika sufuria.

Fundi_Mashine:

Inawezekana, kwa masharti. Kila kitu kiwe pamba tupu, pamoja na uzi. Poliesta huyeyuka kwenye sufuria ya moto na kunata kwenye ngozi, na jinzi nyingi zinazovutika zina nyuzi za kutengenezwa, hizo usitumie. Kata miraba miwili ya jinzi na miwili ya taulo nzee la pamba, yote sm 20 kwa 20. Panga hivi: taulo mbili chini, jinzi juu yake uso ukikutazama, jinzi ya pili uso chini. Shona sm 1 kuzunguka, acha mlango wa sm 8 katikati ya upande mmoja, usiuache kwenye pembe. Kabla ya kugeuza, punguza taulo hadi karibu na mshono, la sivyo kingo zitakuwa nene mno. Geuza, kunjia ndani kingo za mlango, kisha shona mstari mm 5 kutoka ukingoni kuzunguka kote. Mstari huo unafunga mlango na kushikilia tabaka. Malizia na mistari miwili ya mshazari, pembe hadi pembe, taulo lisijikusanye ndani.

Namba ya sindano hapo ni 100. Penye unene zungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage. Na usikishike kikiwa kimelowa: maji yanapitisha joto haraka, utaungua kana kwamba huna kitu mkononi.

Kiraka_Mraba:

Vipande visivyofika hata sm 5 usitupe. Vikatekate vidogo vidogo, vijaze kijimto cha pini: miraba miwili ya sm 12, mlango wa sm 5, jaza hadi kiwe kigumu, funga kwa mkono. Uzi wa mkono usizidi sm 50, mrefu unajifunga mafundo. Fulana zako nazo ni za kujazia hivyo hivyo. Satini iache hadi uwe umezoea kupiga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono kabla ya kuipeleka kwenye cherehani.